UZI: Nimetumia miaka miwili kuua hamira kwa mkasi wa kirusi cha UKIMWI. Karibuni tuongee

#1 Fundi Sahani
Mbeya

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Juzi asubuhi nilipita Mwanjelwa kwa dada yangu anayepika maandazi. Julai ya Mbeya mnaijua: koti juu ya sweta na bado meno yanagongana. Unga aliokanda saa kumi alfajiri umelala kwenye beseni, haujainuka hata kidole. Dada akaniangalia. "Wewe si ndiye uliyesomea hamira? Haya, iamshe." Nikasogeza beseni karibu na jiko la mkaa, nikalifunika kanga. Baada ya saa moja unga umekuja juu hadi unaisukuma kanga. Akasema, "Miaka miwili chuoni kusomea kitu ambacho jiko linakijua."

Nilicheka, lakini nikagundua hata watu wa nyumbani hawajui nilikuwa nafanya nini kule. Kwa hiyo leo naeleza. Kazi yangu ilikuwa kuua hamira. Nilikuwa naipa mkasi wa kirusi cha UKIMWI, inakufa, halafu natafuta nini kingeiokoa.

Mkasi wenyewe ni huu. Kirusi kikiingia kwenye seli ya mtu hakitengenezi protini zake zote moja moja. Kinailazimisha seli itoe mnyororo mrefu ambao protini kadhaa zimeungana humo. Fikiria doti ya kanga ikitoka dukani: kanga mbili zipo, lakini mpaka ukate katikati hakuna mtu atajifunga. Kirusi ambacho mnyororo wake haujakatwa kinatoka nje ya seli kikiwa kichanga, hakiwezi kuambukiza. Anayekata ni kimeng'enya kimoja kinaitwa protiezi, na kirusi kinakuja nacho chenyewe.

Sasa mtu akajiuliza: mkasi huo ukiwekwa peke yake ndani ya seli isiyo na doti yoyote ya kukata, utafanya nini? Tunachukua jeni ya mkasi tu, tunaiingiza kwenye hamira na kuifungia swichi. Swichi ni sukari. Hamira ikiwa na glukosi, jeni imelala fofofo. Ukiinyima glukosi ukaipa galaktosi, jeni inaamka na mkasi unaanza kutengenezwa.

Halafu unaangalia sahani. Ni ya plastiki, imelala kwenye kiganja, ndani kuna agari ngumu kama jeli. Unadondosha tone la hamira, pembeni tone la hamira ile ile uliyoizimua mara kumi, kisha mara mia, kisha mara elfu, mstari mmoja. Nyuzi joto 30, siku mbili au tatu. Mstari wa glukosi unakuta madoa ya rangi ya krimu, la kwanza zito kama uji ulioganda, yanapungua kwenda kulia mpaka la mwisho unahesabu vidoa kimoja kimoja. Kila kidoa ni ukoo mzima uliotoka kwa seli moja. Mstari wa galaktosi: hakuna kitu. Pale palipodondoshwa tone zito kuna kivuli tu, kama pumzi kwenye kioo.

Mara ya kwanza kuuona ule mstari mtupu niliita mlinzi aje aone. Hakuelewa, ila alisema pole.

Maswali yaje.

#2 Kijana wa Kihesa
Nimeweka kambi. Huu uzi hauniachi.

#3 Mbishi wa Uyole
Ngoja kwanza. Yaani mnachukua UKIMWI mnauweka kwenye hamira, halafu hamira hiyo hiyo watu wanapikia maandazi? Mkuu hii ni chai au?

#4 Fundi Sahani
Mkuu Mbishi, swali zuri ila limekuja na panga.

Kirusi cha UKIMWI kina herufi za jeni kama 9,700. Jeni ya mkasi ni herufi 297 tu, maana protini yenyewe ni mnyororo wa asidi amino 99 (ndivyo vipande vinavyojenga protini) na kila moja inaandikwa kwa herufi tatu. Hizo 297 ndizo zinaingia kwenye hamira, tena mara nyingi zinatengenezwa kwa mashine, hazijawahi kukaa ndani ya mgonjwa. Zilizobaki hazipo. Bila hizo hakuna ganda, hakuna kitasa cha kuingilia kwenye seli, hakuna kirusi. Ndiyo raha ya njia hii: unaujaribu mkasi kwenye meza ya kawaida bila kumgusa mwenye mkasi.

Na hamira ya maabara haitoki nje. Sahani zikishatumika zinachemshwa kwa mvuke wenye shinikizo kabla ya kutupwa. Maandazi ya dada yangu yako salama.

#5 Mama Sae
Mwanangu mimi sikusoma sana lakini naoka mikate mwaka wa kumi na tano huu. Hiyo hamira yenu ndiyo hii hii ya pakiti?

#6 Fundi Sahani
Shikamoo mama. Ndiyo hiyo hiyo kwa ukoo, jina la kitaalamu Saccharomyces cerevisiae. Ila za maabara zimefugwa miaka mingi zikachujwa, kama ng'ombe wa kisasa na wa kienyeji. Za maabara zimenyimwa baadhi ya jeni makusudi. Kwa mfano haiwezi kujitengenezea kirutubisho fulani, basi jeni yako unaipachika pamoja na jeni ya kirutubisho hicho, kisha unailisha chakula kisicho nacho. Inayokua ni ile tu iliyobeba mzigo wako. Iliyoutupa njiani inakufa njaa.

Pia ni kiumbe cha kwanza wa aina ya seli zetu, seli zenye kiini, kusomwa jeni zake zote. Ilikuwa 1996. Jeni kama 6,000. Nyingi zina ndugu zake ndani yako wewe mama. Ndiyo maana tunaisumbua.

#7 Mzee wa Ulanzi
Kamwene wote. Na zile za kwenye ulanzi, pombe yetu ya mwanzi? Zinajileta zenyewe, hatununui pakiti. Asubuhi unagema mtogwa mtamu unampa hata mtoto, kesho mkangafu unalaza mtu mzima kwenye majani.

#8 Fundi Sahani
Kamwene mzee. Kwenye ulanzi ni mchanganyiko, hamira za aina kadhaa na bakteria, zinatoka kwenye mwanzi, kwenye vyombo, kwa wadudu. Ukoo huo wa pakiti umo pia. Wewe mzee umekuwa mtaalamu wa vijidudu bila cheti.

#9 Mwalimu Bailojia
Iringa

Fundi, hongera kwa uzi. Nafundisha kidato cha tano na sita, naomba tuingie ndani kidogo. Umesema hamira haina doti ya kukata. Sasa kwa nini inakufa? Mkasi usio na kitambaa ungekaa mezani tu.

#10 Fundi Sahani
Mwalimu, hapa ndipo utamu wote ulipo, samahani nitaandika sana.

Mkasi huu hausomi jina la protini. Unasoma umbo. Mahali popote ambapo asidi amino kama nane hivi zimepangana kwa namna inayokaa vizuri kwenye mdomo wake, unakata. Kwenye hamira kuna maelfu ya protini, na baadhi zina kipande kinachofanana na doti kwa bahati mbaya. Zinakatwa bila kosa.

Kwanza hakikisha ni kukata kweli kunakoua, si uzito wa kubeba protini ngeni. Mkasi wa kirusi cha UKIMWI ni nusu mbili pacha, kila nusu asidi amino 99, na ncha ya kukatia inatengenezwa na asidi ya aspatiki nambari 25 ya kila nusu. Badilisha hiyo moja tu iwe asparajini. Umbo linabaki, uzito unabaki, makali yameisha. Ukiweka huo mkasi butu, hamira inakua kwenye galaktosi kama haijasikia kitu. Huo ndio mstari wangu wa ulinganisho kwenye kila sahani, na sahani isiyo nao mimi siisomi.

Sasa inakufaje. Kundi la Luis Carrasco kule Madrid lilichapisha mwaka 2003 kwamba hamira yenye mkasi wa UKIMWI inasimama kukua, utando wake unaanza kuvuja, kisha seli inapasuka. Haijikunji ikafa kwa utaratibu. Inapasuka.

Kundi hilo hilo miaka ya tisini lilikuwa limeshacheza na mkasi wa polio, unaitwa 2A. Huo una tabia nyingine. Kwenye seli ya mtu unakata protini inayoitwa eIF4G, ambayo kazi yake ni kama kondakta wa daladala: anashika ujumbe wa jeni kwa kichwa anaupakia kwenye ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, usomwe. Kondakta akikatwa, ujumbe wa seli unabaki kituoni, na ujumbe wa polio unapanda kwa mlango wa nyuma kwa sababu hauhitaji kondakta mzima. Ukiuweka 2A kwenye hamira nayo inagoma kukua.

Kwa hiyo mikasi miwili, sahani mbili, zote tupu. Ukiangalia kwa macho huwezi kujua ipi imepasuka na ipi imekosa kondakta. Sahani inakwambia imekufa. Haikwambii kwa nini, na wanafunzi wengi (mimi nikiwemo) tunaisahau hiyo.

#11 Mwalimu Bailojia
Kondakta! Nitaiiba hiyo kesho darasani.

#12 Dada wa Njombe
Naomba niulize kitu cha tofauti, na msinijaji. Niko kwenye dawa mwaka wa nane. CTC (kliniki yetu ya dawa za UKIMWI) wamenihamisha mstari wa pili wa dawa, nimepewa atazanavir na ritonavir. Nesi alisema "hizi zinaziba protiezi" nikaitikia tu. Leo ndiyo naelewa kumbe ni huo mkasi. Macho yangu yamekuwa ya njano kidogo, naogopa ini limeharibika. Huku kwetu Njombe tuko wengi, utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulitupa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Lakini kuongea hatuongei.

#13 Fundi Sahani
Dada yangu, asante kwa kuandika. Mimi ni mtu wa sahani, si daktari, ila hili nalijua.

Ndiyo, ni mkasi huo huo. Umbo lake lilichorwa kwa mionzi mwaka 1989, watu wakaona mdomo ulivyo, wakatengeneza vijiti vya kukwama humo. Cha kwanza kuidhinishwa Marekani kilikuwa saquinavir, Desemba 1995. Atazanavir unayomeza ni mjukuu wa kazi hiyo. Kirusi kinaendelea kutoka kwenye seli lakini doti haijakatwa, kinatoka kichanga.

Ritonavir nayo ilianza 1996 kama kizuizi cha mkasi, siku hizi inatumika kwa dozi ndogo kwa kazi nyingine: inachelewesha kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa, ili atazanavir ikae mwilini muda wa kutosha.

Unjano wa macho ni jambo linalojulikana na atazanavir. Dawa inazuia ini kusafisha bilirubini, rangi ya njano inayotokana na damu iliyochakaa, na mara nyingi ini lenyewe liko sawa. Lakini "mara nyingi" si wewe. Mwambie nesi, wapime damu. Usiache dawa mwenyewe hata siku moja. Meza ukiwa umekula. Na ukianza dawa yoyote ya kiungulia au ya kifua kikuu waambie kabla, maana atazanavir inahitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini, na rifampicin ya kifua kikuu inaifuta kabisa.

#14 Dada wa Njombe
Nimekuwa nameza za kiungulia za duka la dawa tangu mwezi uliopita. Hakuna aliyeniuliza. Kesho naenda.

#15 Kijana wa Kihesa
Dada nenda kweli kesho, usiseme kesho ya Kiswahili.

#16 Mbishi wa Uyole
Pole dada. Narudi kwa Fundi. Hamira si mtu. Haina damu, haina ini, haina kinga. Mnapataje kusema dawa inafanya kazi kwa mtu kwa sababu imeokoa hamira? Si sawa na kupima gari kwa kuendesha baiskeli?

#17 Fundi Sahani
Hapo umenishika na sitajitetea sana.

Moja, hamira ina ukuta mgumu nje, na mlangoni ina mabaunsa. Ni pampu za kutupa sumu nje, maarufu ni Pdr5. Unaweka dawa nzuri kabisa, pampu inaitapika, hamira inakufa, unaandika "dawa haifanyi kazi". Uongo. Dawa haikuingia. Watu wanazifuta jeni za pampu kabla ya kuanza, ndipo dawa inakaa ndani.

Mbili, hata kifo si kile kile. Mwaka 2021 ilichapishwa kwenye jarida la Science kwamba seli za kinga za binadamu zina mlinzi anaitwa CARD8. Mkasi wa UKIMWI ukiwa macho ndani ya seli unamkata CARD8, naye akikatwa analipua seli nzima. Ni kama king'ora kinacholia kikikatwa waya. Hamira haina CARD8. Kwa hiyo hamira inakufa kwa sababu zake na mtu kwa sababu zake, mkasi ni mmoja. Anayechukua picha ya hamira iliyopasuka na kusema "hivi ndivyo seli za mgonjwa zinavyokufa" anakudanganya.

Ninachokitetea ni kitu kidogo. Sahani inajibu swali moja: je, mkasi huu leo unakata? Hamira ikiwa hai na mkasi umewashwa, basi kuna kitu kimeuzuia. Kutoka hapo unaenda kwenye seli za mtu.

#18 Mbishi wa Uyole
Sawa, nimeweka panga chini. "Kuna kitu kimeuzuia", hicho kitu ndiyo dawa siku zote?

#19 Fundi Sahani
Hapana! Umenikumbusha aibu yangu, ngoja nikae vizuri.

Mwaka wa kwanza, kwenye maabara fulani ambayo jina nalihifadhi, nilimwaga hamira nyingi kwenye sahani za galaktosi bila dawa yoyote. Zife zote, ndio ulikuwa mpango. Siku ya tatu nikafungua inkubeta (kabati la joto la kukuzia hamira) nikakuta uwanja mtupu na vidoa kumi na vinne vimesimama katikati. Vinene, vinang'aa, kama havijasikia habari ya mkasi. Nikaamini nimepata hamira shujaa, yenye jeni inayozuia mkasi. Usiku huo sikulala, nilishaandika kichwa cha makala kwenye daftari.

Asubuhi nikampelekea mwalimu wangu. Mama mtaratibu, hapandishi sauti. Akaangalia sahani akiwa amesimama, akasema, "Toa jeni ya mkasi kutoka kwenye hawa mashujaa wako, iweke kwenye hamira mpya ambayo haijawahi kuona chochote. Ikifa, njoo tuongee. Isipokufa, fagia meza."

Wiki mbili za kazi. Hamira mpya kwa nyingi ya hizo haikufa. Tukapeleka jeni zisomwe herufi. Nyingine zilikuwa zimepata alama ya kusimama katikati, mkasi umekatika mpini. Nyingine herufi moja imebadilika karibu na ile nambari 25. Mbili mkasi ulikuwa mzima kabisa, ila hamira wenyewe walikuwa wameharibu njia yao ya kutumia galaktosi, kwa hiyo swichi haikuwaka. Mashujaa wangu walikuwa watu waliokata waya wa umeme wakakaa gizani.

Ukifikiri ni lazima iwe hivyo. Unamwaga mamilioni ya seli, kila moja umeipa sumu iitengeneze yenyewe. Yule mmoja kati ya laki kadhaa aliyezaliwa na mkasi mbovu ndiye pekee atakayezaa. Sahani haichagui shujaa, inachagua yeyote asiyekatwa.

Nilifagia meza.

Kilichonishangaza ni kwamba huko Madrid walishaigeuza aibu hii kuwa chombo. Mwaka 1997 walitumia hamira zinazopona kutoka kwenye 2A ya polio kuvuna mikasi iliyobadilika, ili wajue ni sehemu gani za mkasi zinabeba makali. Takataka zangu zilikuwa mavuno ya wenzangu.

#20 Mzee wa Ulanzi
Huyo mama mwalimu nampenda bure.

#21 Mdogo wa Kabwe
Mimi nasoma maabara mwaka wa pili hapa Mbeya. Broo kuna kosa jingine ulifanya? Nataka nijifunze kwa makosa ya watu.

#22 Fundi Sahani
Mdogo wangu, mengi. Lililouma: mwenzangu alipata mstari wa dawa uliokua vizuri ajabu, doa zito mpaka la mwisho. Tukashangilia. Kumbe chupa mbili za unga mweupe kwenye rafu, moja glukosi moja galaktosi, na aliyepika agari alichota isiyo yenyewe. Swichi haikuwaka hata sekunde. Hata glukosi kidogo tu ikichanganyika na galaktosi nyingi, hamira inakula glukosi kwanza na mkasi unalala.

Kwa hiyo, mdogo wangu: kila sahani iwe na hamira yenye mkasi mkali bila dawa, na hiyo lazima ife. Isipokufa, usiangalie mistari mingine, utajidanganya.

Jingine ni umeme. Ukikatika usiku mzima baridi hii ya kwetu, inkubeta inashuka, hamira zote zinachelewa, hata za glukosi. Ukizisoma asubuhi kwa ratiba yako unaandika upuuzi. Subiri zifike.

#23 Mwalimu Bailojia
Vipi kuhusu korona? Nilisikia nayo ina mkasi.

#24 Fundi Sahani
Ina miwili. Mkubwa unaitwa Mpro, asidi amino 306, nao unafanya kazi kwa pacha. Aina yake ni tofauti, makali yako kwenye sisteini nambari 145, na una mazoea: unakata baada ya asidi amino inayoitwa glutamini, sehemu 11 kwenye mnyororo wa kirusi. Mikasi ya mwili wetu haina mazoea hayo, ndiyo maana dawa ya kuuziba inaweza kutuacha salama. Nirmatrelvir ndiyo hiyo, iliruhusiwa kwa dharura Marekani Desemba 2021, na inamezwa na nani? Na ritonavir ya dada yetu wa Njombe, kwa kazi ile ile ya kuchelewesha ini.

Mpro nao unaidhuru hamira. Kundi la chuo cha udaktari cha University of Massachusetts lilichapisha 2022 kazi ambayo naionea wivu. Walichukua Mpro wakabadilisha kila nafasi kuwa kila asidi amino nyingine, moja moja. Piga hesabu: nafasi 306 mara 19, ni 5,814. Karibu zote wakazitia kwenye hamira. Kwa kuangalia ukoo gani unapotea na upi unaongezeka, wakajua kila badiliko limeacha mkasi mkali, butu au katikati.

Maana yake: kirusi kikitaka kuikwepa dawa kinabadilisha mkasi, lakini hakiwezi kubadilisha popote, maana pengine kitakata mpini wake chenyewe kama mashujaa wangu. Ukiwa na ile ramani unajua mapema ni nafasi zipi kirusi kinaweza kuchezea na kikabaki na makali. Dawa unaiegemeza kwenye nafasi zisizochezeka.

#25 Mbishi wa Uyole
Huyu jamaa apewe mtaa.

#26 Dada wa Njombe
Mrejesho. Nimetoka CTC. Wamepima damu, wamesema ini halina tatizo, ni ile bilirubini tu. Dawa ya kiungulia nimeambiwa niache, na wamechukua damu nyingine kuangalia wingi wa virusi. Nesi aliniuliza nani kaniambia habari za asidi ya tumbo, nikamwambia fundi wa hamira.

#27 Fundi Sahani
Nimefurahi mpaka nimemwita dada yangu aje asome.

#28 Mama Sae
Ndaga fijo, asante sana mwanangu.

#29 Mwalimu Bailojia
Wakuu, mrejesho wa darasani. Mkasi sina na sitaki, lakini nilitaka wanafunzi waone hamira ikichagua sukari. Fundi alinishauri pembeni. Chupa tatu tupu za maji, hamira ya pakiti kijiko kimoja kila moja, maji vuguvugu. Ya kwanza sukari ya duka, ya pili maziwa yaliyochemshwa yakapoa, ya tatu hamira na maji bila sukari. Puto mdomoni mwa kila chupa, zote kwenye beseni la maji ya moto maana darasa letu Kihesa asubuhi ni friji.

Dakika arobaini: puto la sukari limesimama kama kichwa cha mtoto. La maji limelala. La maziwa limelala pia, limekunjamana vile vile, na wao walikuwa wameweka dau kwamba maziwa ni matamu kwa hiyo litajaa.

Nikawaeleza kwamba sukari ya maziwa ni laktosi, hamira haiiwezi. Binti mmoja wa nyuma, haongeagi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, ulisema laktosi ni glukosi na galaktosi zimeshikana. Na ulisema hamira inakula glukosi, na galaktosi inakula. Sasa kwa nini inakufa njaa kwenye maziwa?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Fundi, uko hewani?

#30 Fundi Sahani
Niko. Mwambie zimeshikana kama doti, na hamira hii haina mlango wa kuiingiza laktosi wala mkasi wa kuikata.